Kamera ya mkopo, boda boda na soko la Kibuye: utailindaje?

SWALI: Nimekuwa nikipiga picha za harusi na matanga hapa Kisumu kwa kamera ya kuazima. Juzi nilichukua mkopo wa sacco nikanunua Canon EOS R6 ya mtumba, lenzi yake ya 70-200mm f/2.8 na ile ndogo ya 50mm f/1.8. Sina gari, nasafiri kwa boda na matatu. Nataka kupiga picha za wavuvi wa Dunga alfajiri, soko la Kibuye siku ya Jumapili, na mwezi ujao nina harusi Ahero. Tangu rafiki yangu anyang'anywe kamera jioni akitoka kazini, naogopa hata kuitoa nyumbani. Je, ninunue begi la kuzuia wizi? Vile vidude vya kufuatilia mizigo vinasaidia? Bima je? Na niandike jina la studio yangu kwenye begi? Msomaji, Manyatta, Kisumu.

JIBU: Dada, hongera kwa kamera, na pole kwa wasiwasi uliokuja nayo.

Nianze na rafiki yako. Unasema alinyang'anywa jioni akitoka kazini. Alipokuwa amepiga goti mbele ya bibi harusi, kamera usoni, hakuna aliyemgusa. Visa vingi ninavyosimuliwa na wapiga picha wenzangu hapa Kisumu, Nakuru na Kakamega vinafanana na chake: kamera huondoka wakati kazi imesimama. Unasubiri boda. Unakula. Unachaji betri. Unaaga wenyeji na begi liko chini ya kiti. Ndiyo maana kabla ya kukutajia kitu chochote cha kununua, nataka uipange siku yako ya kazi kwa kujiuliza hivi: ni saa ngapi kifaa hiki kitatoka mwilini mwangu, na kikitoka kitakuwa mikononi mwa nani? Ukipata majibu ya maswali hayo mawili, umeshapunguza hatari kuliko begi lolote litakavyoipunguza.

Tuchukue Kibuye. Jumapili soko linafurika hadi kando ya barabara, mitumba upande huu, samaki upande ule, mafundi wa vitanda na makabati kwingine, na mkokoteni ukipita lazima wote mjibanze. Ukiingia humo na 70-200, ile lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, umejitangaza. Canon hupaka lenzi zake kubwa za daraja hilo rangi nyeupe ili zisipate joto kupita kiasi juani, na weupe huo unaonekana kutoka upande wa pili wa soko. Isitoshe, ina uzito wa zaidi ya kilo moja bila kamera yenyewe, na mkono ukichoka utatafuta mahali pa kuiweka. Iache nyumbani. Vaa kamera na 50mm peke yake, ambayo kama ni ile ya RF ina gramu 160 tu, na usibebe begi kabisa. Betri ya akiba iwe mfuko mmoja wa suruali, kadi mfuko mwingine wenye zipu. Basi.

Sababu yangu kubwa ni kwamba hutakuwa na lenzi ya kubadilisha. Jitazame siku moja unavyobadilisha. Mkono wa kushoto umeshika kamera imeinama ili vumbi lisiingie. Wa kulia umeshika lenzi unayoitoa. Kifuniko cha nyuma umekibana kati ya kidole cha mwisho na kiganja. Lenzi ya pili iko begini, begi liko wazi kati ya miguu yako, na macho yako yote yako kwenye lile tundu la kamera. Kwa muda huo begi halina mwenyewe. Mtu akilichota na kutokomea katikati ya mitumba, huna hata mkono wa kumwelekezea watu. Kama ni lazima ubadilishe, ingia ndani ya duka, geuza mgongo ukutani, begi likae mbele ya tumbo lako likiwa bado limening'inia begani, halafu ndipo ubadilishe.

Ile 50mm ina faida nyingine ambayo si ya wizi, lakini inaishia kuwa ya wizi. Inakulazimisha kusogea. Huwezi kumpiga picha mama wa omena kutoka mbali kama jasusi, itabidi umwamkue, uombe ruhusa, ununue kitu, umwonyeshe picha kwenye kioo, acheke, aite wenzake waje waone. Mama huyo ndiye atakayekunong'oneza kwamba kuna kijana anakufuata tangu kwenye viatu. Sijaona mtambo unaofanya kazi hiyo. Wewe ukiwa umezama kwenye picha hutamwona huyo kijana. Mama huyo anaketi hapo kila wiki na anajua nani ni nani.

Kuhusu mkanda: uvae kutoka bega hili hadi ubavu ule, ufupishe hadi kamera ikae chini ya kwapa na siyo kiunoni, na leso au koti jepesi lipite juu yake unapotembea. Ule mkanda uliokuja na kamera, wenye maandishi makubwa ya kampuni, ubadilishe au ugeuze ndani nje. Kuna mikanda yenye waya wa chuma ndani, isiyokatika kwa wembe, na watu huisifu sana. Mimi siipendi kwa mtu anayetembea kando ya barabara zetu. Mporaji akiwa juu ya pikipiki akaushika mkanda huo, usipokatika utaburutwa nao kwenye lami. Mkanda wa kawaida wa nailoni ngumu unatosha kumshinda mtu mwenye vidole vyepesi, na ukizidiwa nguvu utachomoka.

Dunga ni habari tofauti. Pale unaihitaji 70-200, kwa mashua zinazorudi na kwa ndege walio kwenye mafunjo, na wavuvi wana kazi zao; wengi hawana haja na kamera yako. Shida ni njia ya kufika. Kisumu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro, kwa hiyo ukitaka mwanga wa kwanza utakuwa njiani saa kumi na moja na nusu, giza bado. Usitembee. Usisimame barabarani kutafuta boda ya kwanza itakayopita. Zungumza usiku uliotangulia na mwenye tuktuk unayemfahamu, akuchukue mlangoni na akufikishe hadi ufuoni. Nauli itapanda kidogo. Iweke kwenye bei ya picha zako kama unavyoweka betri na bando.

Ukifika usianze kupiga picha. Kila ufuo wa uvuvi ziwani una BMU yake, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, na kamati hizi zimekuwa na kanuni zake za kisheria tangu mwaka 2007. Tena ningekwenda siku moja kabla, mchana, nikamsalimu mwenyekiti au katibu, nikaeleza ninachotaka, nikaomba kijana mmoja wa hapo hapo wa kunitembeza asubuhi, kwa malipo tuliyokubaliana mbele ya kiongozi huyo. Mgeni anayetembea na mwenyeji anatazamwa kwa jicho jingine. Kijana huyo ndiye atakayekuwa amesimama nyuma yako wewe ukichungulia kupitia lenzi, na ndiye atakayejua mashua gani ya kupanda. Ukipanda mashua, hofu ihamie kwenye maji: begi ndani ya mfuko usiopitisha maji, mdomo umekunjwa, na kamera shingoni.

Jioni ukienda Hippo Point kwa machweo, kumbuka kwamba wote mnaotazama ziwa mmeipa njia mgongo. Ukitumia tripodi, pitisha mkanda wa begi kwenye mguu mmoja wa tripodi na usimame ukiwa umekanyaga mguu huo. Halafu weka muda wa kuondoka kabla hujafika. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua likishazama giza halichukui hata nusu saa. Mpiga picha anayengoja rangi ya mwisho ya wingu atajikuta anafunga vifuniko na kukunja tripodi gizani, akitafuta kofia ya lenzi kwa tochi ya simu. Zile rangi za mwisho zipige ukiwa umeshafunga kila kitu isipokuwa kamera, na tuktuk yako ikiwa imeshakuja.

Jirani hapo, kwenye hifadhi ya Impala, kuna mwizi wa aina nyingine ambaye hutamshtaki popote. Tumbili hawana shida na lenzi yako, wanataka ndizi na mandazi uliyoyaficha kwenye begi la lenzi. Kule Ziwa Nakuru, pale Baboon Cliff, nyani ni wakubwa zaidi na hawana haya. Chakula kisikae na vifaa, na zipu isiachwe wazi hata kidogo.

Sasa harusi ya Ahero, na nitaichanganya na matanga kwa sababu ndiko mkate wetu uliko na ndiko mali nyingi zinakopotelea. Kwenye boma kuna watu mia kadhaa, hema zimepangwa, kila mtu ni mgeni wa mtu na hakuna anayeweza kusema huyu si wetu. Kijana akiokota begi chini ya meza na kutembea nalo taratibu kuelekea langoni, ataonekana kama msaidizi wako. Hakimbii. Anaweza hata kuwasalimu wazee njiani.

Ukifika, kabla ya kufungua chochote, tafuta mama mwenye boma, au mtu mmoja tu aliyepewa kazi ya kuangalia nyumba. Mwombe chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Begi likae humo, ufunguo ukae kwake au kwako, na mjue ninyi wawili pamoja na shahidi mmoja. Kanisani uliza ofisi ya mchungaji au chumba cha nyuma ya madhabahu. Chini ya meza ya MC pasiwe pa kuweka vitu hata ukimfahamu MC tangu utotoni, kwa sababu MC ana kipaza sauti mkononi na hatatazama chini hadi jioni. Kwenye gari la bwana harusi ni vibaya vilevile: gari hilo litatumwa kuleta soda, litatumwa kumchukua shangazi steji, na kila safari atalipanda mtu tofauti.

Halafu chaja. Hakuna kitu kinachoibwa kwa urahisi kwenye sherehe zetu kama chaja na betri. Umeme unatoka kwa jenereta ya watu wa mziki, ekstensheni iko nyuma ya spika, simu zaidi ya kumi zimechomekwa hapo, na wewe unaongeza chaja yako yenye betri mbili na kwenda kupiga picha za chakula. Ukirudi ekstensheni imejaa simu nyingine. Betri halali ya R6 si bei ya soda, na bila betri kamera yako ni chuma tu. Nunua betri za kutosha siku nzima, zichaji zote nyumbani, na chaja ibaki Manyatta.

Kama kuna pesa ya kuongeza kwenye bei ya harusi, iongeze kwa ajili ya msaidizi. Awe mdogo wako au binamu anayetaka kujifunza, mradi awe na kazi moja: begi haliachani na mgongo wake. Asipewe kushika flashi kwa mkono huku begi liko chini. Wakati wa chakula mle kwa zamu. Najua wateja wanabishana juu ya bei, lakini ukimwandikia mteja kwamba huja na watu wawili, wengi wanakubali bila kuuliza.

Na kabla ya vifaa kuna picha zenyewe. Lenzi ikiibwa utalia na kununua nyingine ukimaliza mkopo. Kadi yenye viapo vya ndoa ikienda, hakuna wa kumrudisha babu wa bibi harusi asimame tena pale mlangoni na fimbo yake. R6 ina nafasi mbili za kadi za SD. Ingia kwenye menyu ya kurekodi, uiweke iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili, usiiache ijaze ya kwanza ndipo ihamie ya pili. Ibada ikiisha, toa kadi moja, itie kwenye mfuko wa ndani wa nguo yako wenye zipu, weka nyingine tupu. Ukifanya hivyo tena baada ya keki, mporaji wa njiani atapata kamera na saa moja ya watu wakicheza. Kadi zisikae kwenye begi la kamera. Kuweka kadi na kamera pamoja ni kumpa mwizi mzigo na nakala yake kwa mkono mmoja.

Kurudi kutoka Ahero usiku ndicho kipande cha siku ninachokiogopa kuliko vyote. Umechoka, watu wamekuona siku nzima na kamera, na wanajua unaelekea wapi. Panga usafiri wa kurudi na mwenye harusi wakati wa kupatana bei: ama nirudishwe na gari la familia, ama niondoke kukiwa bado na mwanga. Liandikwe kwenye makubaliano. Kama ni matatu, keti mbele au katikati, begi mapajani, mkanda wake umezunguka mkono, siyo kwenye buti hata makanga akibembeleza namna gani. Kiti cha dirishani kina upepo lakini pia kina mikono ya nje gari likisimama steji. Funga kioo mkifika kwenye foleni. Kwenye boda vaa begi kifuani, kati yako na dereva, mikanda yote miwili begani. Mchukue kwenye steji yako ambayo ina mwenyekiti, na jina lake na namba ya pikipiki mtumie mtu wa nyumbani. Usishukie mbele ya lango la ploti huku umebeba tripodi begani kila siku ya Mungu. Majirani si wezi, ila maneno husafiri.

Kuna mtego mwingine ambao rafiki yako huenda hajakwambia: mteja wa uongo. Simu inapigwa, kuna shughuli ya haraka, bei habishani, mahali ni nje ya mji, na anasisitiza uje na lenzi zote. Mteja ambaye hajauliza hata sampuli ya picha lakini anataka kujua una kamera aina gani, mimi huwa simwamini. Dai amana kwa M-Pesa na utazame jina linalotokea kwenye ujumbe, ingawa hilo si hakikisho, laini huweza kuwa za watu wengine. Dai mkutane mchana kwanza, hotelini katikati ya mji, bila kamera. Mteja wa kweli atakuja. Vivyo hivyo kwa wale watakaokuomba uwakodishie kamera ili ulipe mkopo haraka: nakala ya kitambulisho peke yake haitoshi. Kodisha kwa mtu ambaye unaijua nyumba yake na unamjua mamake, la sivyo acha.

Sasa begi. Hapana, usinunue lile la kuzuia wizi lenye kufuli na nembo ya kampuni ya kamera. Begi hilo linazungumza. Nunua begi la kawaida la shule, la rangi ya kuchosha, halafu ununue kile kisanduku laini chenye vigawanyo kinachoingia ndani yake. Kama una uwezo, tafuta begi ambalo zipu yake kuu iko upande wa mgongo wako, kwa hiyo likivaliwa halifunguki. Zipu zifungwe pamoja kwa klipu ndogo au pini ya funguo. Haimzuii mtu mwenye kisu, lakini inamchelewesha mwenye vidole.

Vidude vya kufuatilia nitavieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu vinauzwa kwa ahadi kubwa. AirTag ya Apple, iliyotoka mwaka 2021, haina GPS wala laini ya simu. Inatoa mawimbi ya Bluetooth, na iPhone yoyote inayopita karibu ndiyo inayopeleka habari ya mahali ilipo. Kwanza wewe mwenyewe unahitaji kifaa cha Apple ili kuisajili. Pili, hesabu iPhone kwenye matatu ya Ahero, halafu uniambie. Kwa simu za Android, ambazo ndizo nyingi kwetu, Google ilianzisha mtandao kama huo mwaka 2024, na kuna vidude vya kampuni nyingine vinavyoutumia. Ila kwa mpangilio wake wa kawaida, simu nyingi husaidia tu mahali penye watu wengi, ambapo simu kadhaa zimekisikia kidude hicho. Kibuye Jumapili kitafanya kazi. Kwenye kichochoro cha usiku au kwenye boma lililo katikati ya mashamba ya mpunga, usikitegemee. Tena mitandao hii, ili watu wasifuatwe kisiri, humtahadharisha mtu kwamba kuna kidude kigeni kinatembea naye. Mwizi mwenye simu janja ataambiwa na simu yake mwenyewe.

Nunua kimoja hata hivyo, ukishone ndani ya kitambaa cha begi, kwa siku ile utakaposahau begi kwenye tuktuk. Kama kikikuonyesha nyumba fulani baada ya wizi, mpelekee polisi hiyo ramani. Usiende kubisha hodi na kaka zako.

Bima ipo, na kwa mtu mwenye mkopo naiona ni ya lazima kuliko lenzi ya tatu. Muulize wakala bima ya vifaa vya kubebeka inayokinga dhidi ya hatari zote, ile ambayo wengi wao huiita ol-riski. Mwambie waziwazi kwamba kamera ni ya biashara. Bima ya vyombo vya nyumbani kwa kawaida haitaki kusikia kuhusu vifaa vya kazi, na ukificha hilo watalikumbuka siku ya madai. Soma mambo matatu kwenye mkataba: ni kiasi gani cha hasara utakachobeba mwenyewe kwa kila tukio, kama kila kifaa kimeorodheshwa kwa nambari yake, na sharti la gari. Mikataba mingi hailipi kitu kilichoibwa ndani ya gari lisilo na mtu kama hakuna dalili ya kuvunjwa. Hilo linakuhusu hata usipokuwa na gari, kwa sababu utapewa lifti. Kuna wezi wanaotumia kifaa cha kuzuia mawimbi ya rimoti: dereva anabonyeza kufunga, gari halifungiki, mwizi anafungua mlango kama mwenyewe. Hakuna kioo kilichovunjika, na hakuna malipo. Kabla ya kuondoka shika kitasa, ujaribu kuufungua mlango.

Umesema ulinunua mtumba. Je, una karatasi? Kama huna, mtafute aliyekuuzia wiki hii mwandikishane: majina, nambari za vitambulisho, bei, tarehe, na nambari za kamera na lenzi. Ya kamera iko chini, karibu na tundu la tripodi au mlango wa betri, ya lenzi iko kwenye mwili wake karibu na pale inapofungwa. Zipige picha kwa simu na ujitumie kwa barua pepe. Makampuni ya bima yatazitaka, polisi watazitaka, na wewe pia zinakulinda, kwa sababu chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya mtu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Muuzaji akikataa kuandikishana, umejifunza jambo. Tena kuna ushahidi ambao huenda hujui unao: Canon huandika nambari ya kamera ndani ya kila faili ya picha. Ukipoteza karatasi zote, picha za harusi ulizopiga nayo bado zitasema zilipigwa na kamera gani. Na kwenye menyu ya hakimiliki unaweza kuandika jina lako, nalo litaingia kwenye kila picha. Halimzuii mwizi, linakusaidia siku ya kuthibitisha kwamba hii ni yangu.

Ubaya wa kamera ni kwamba haina IMEI, ile nambari ya utambulisho wa simu, ya kuzuiwa kama simu, na nyingi hazina nenosiri. Ikiibwa leo, kesho inapiga picha kama kawaida mikononi mwa mtu mwingine.

Siku ikifika, Mungu apishe mbali, na mtu amekusimamia na panga au bastola: toa. Fungua mkanda polepole, mpe, usimtazame usoni kwa ubishi, usianze kueleza habari za sacco. Kadi ya kwanza iko kwenye nguo yako, bima iko ofisini. Ukishakuwa salama, nenda kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo, andikisha, pata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, halafu abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba umeripoti. Mjulishe wakala wa bima mara moja, kwa maandishi, maana mikataba huweka muda wa kutoa taarifa. Peleka nambari za vifaa kwa mafundi wa kamera na wauzaji wa mtumba mjini na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapiga picha wa Kisumu, Nakuru na Eldoret, kwa sababu kamera iliyoibwa huku mara nyingi hutafutiwa mteja mji mwingine. Ukiiona inauzwa mtandaoni, piga picha ya tangazo, usimfokee muuzaji, na uandamane na polisi kwenye miadi.

Na lile swali lako la mwisho, jina la studio kwenye begi: nje hapana. Ndani, kwenye kifuniko, andika jina lako na namba mbili za simu kwa kalamu isiyofutika, moja yako na moja ya mtu wa nyumbani. Begi jingine hupotea bila mwizi yeyote, limesahauliwa tu nyuma ya tuktuk saa tatu usiku, na dereva akilifungua kesho yake akiwa na nia njema atahitaji namba ya kupiga, wala isiwe ya simu iliyolala ndani ya begi lilelile.